Ameacha ngano, bado anaumwa: ugonjwa wa siliaki usiotulia kwa mlo

Katika Kimisagara, mitaa iliyojengwa kwenye ubavu wa Mlima Kigali kati ya Nyabugogo na Nyamirambo, asubuhi huanza kwa harufu ya mandazi yanayoopolewa karaini. Chai ya maziwa, andazi moja au nusu ya chapati, na siku imekwisha kufunguliwa. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, andazi hilo ni chakula cha kuepukwa maisha yake yote. Wengi wakiliepuka hupona: kuhara hukoma, damu hurejea, uzito huongezeka.

Wapo wasioipata nafuu hiyo. Wameacha mkate na chapati, imepita miezi sita au mwaka, na bado tumbo linavimba, choo hakijakaa sawa, na uchovu hauondoki. Nyumbani minong'ono huanza: pengine anakula kwa siri. Hospitalini huulizwa swali lilo hilo kwa maneno ya upole zaidi. Maandiko ya kitabibu yanakadiria kwamba katika kila wagonjwa 100 waliothibitishwa na kuanza mlo usio na ngano, kati ya 7 na 30 huendelea kuwa na dalili. Walio wengi kati yao hawadanganyi. Wanakula wasichokijua, au wana maradhi mengine, au hawakuwa na siliaki tangu mwanzo. Ni wachache sana ambao ugonjwa wenyewe umekuwa sugu. Mpangilio huo una maana kubwa, kwa kuwa mgonjwa anayeanza kuhangaika na uwezekano wa mwisho huweza kuukosa wa kwanza, ambao dawa yake ni sufuria safi.

Ngano hufanya nini ndani ya utumbo

Siliaki si mzio wa chakula kwa maana ya kawaida, wala si tumbo dhaifu. Ni ugonjwa ambao mfumo wa kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, na kinachouchochea ni gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Gluteni ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Kwa mwenye siliaki, ikifika katika utumbo mwembamba huamsha kinga, na kinga hukwangua vinyweleo vidogo vinavyofunika ukuta wa utumbo. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikisha kulala au kutoweka, mtu anaweza kula akashiba na bado akakosa madini ya chuma, kalisi na vitamini. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa hawaharishi hata kidogo, bali hugunduliwa kwa upungufu wa damu usiokubali dawa, kwa mifupa inayovunjika mapema, kwa mimba zinazoharibika, au kwa mtoto asiyerefuka.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa sehemu. Karibu wagonjwa wote wana jeni moja au zote mbili ziitwazo DQ2 na DQ8, ijapokuwa wengi wenye jeni hizo hawaugui kamwe. Kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa ugonjwa wa Wazungu. Dhana hiyo ilipata pigo mwaka 1999, utafiti ulipoonyesha kwamba kati ya watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi, asilimia 5.6 walikuwa nao, kiwango kikubwa kuliko kilichopata kuonekana popote. Duniani kwa jumla, vipimo vya damu huonyesha takriban asilimia 1.4 ya watu, na vile vya kinyama cha utumbo asilimia 0.7. Afrika Mashariki ugonjwa hautajwi mara nyingi, na daktari asiyeutarajia hataupima.

Kwamba ngano ndiyo chanzo ni ugunduzi wa juzi tu. Daktari wa watoto wa Kiholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa akilishuku hilo tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi ilipokumbwa na njaa ya vita na mkate ukaadimika, watoto wake wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakarudi kuugua. Alikusanya hoja zake katika tasnifu ya mwaka 1950. Kabla yake, madaktari wa Marekani waliwalisha watoto hao ndizi kwa wingi, wakidhani kwamba ndizi huponya. Hazikuponya. Zilichukua tu mahali pa mkate, jambo ambalo mpishi yeyote wa ndizi wa Kigali angeweza kulifanya bila kujua.

Kwanza litafutwe lililojificha

Kwa hakika, mlo wa asili wa Rwanda unamfaa sana mgonjwa wa siliaki. Ndizi za kupika, viazi vitamu, viazi mviringo, mihogo, maharage, wali, mahindi, mtama, ulezi, isombe, nyama, samaki na mayai: vyote havina gluteni. Mgonjwa wa Ulaya hununua mkate maalumu kwa bei kubwa; wa Kimisagara anaweza kuishi vema kwa chakula cha sokoni kwake. Tatizo huanza baada ya chakula kutoka shambani.

Mashine ya kusaga ndiyo ya kutazamwa kwanza. Mashine moja husaga mahindi ya huyu, mihogo ya yule, na ngano ya mwingine aliyetangulia, na haioshwi katikati. Unga wa ngano uliobaki ndani hutoka pamoja na unga wako. Huu si wasiwasi wa bure. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walipima sampuli 22 za nafaka na unga ambao kwa asili hauna gluteni, ukiwamo wa mtama, soya na nafaka nyingine ndogondogo. Sampuli 7 zilikuwa na gluteni kuzidi kiwango kinachoruhusiwa. Ikiwa ni hivyo katika viwanda vya huko, mashine ya mtaani haiwezi kudhaniwa kuwa salama zaidi. Njia nyepesi ni kula vyakula visivyosagwa, kama ndizi, viazi na wali, kwa wiki kadhaa, na kuona kama dalili zinapungua. Anayetaka ugali anaweza kutwanga mwenyewe kwenye kinu chake, au kumwomba mwenye mashine amsagie baada ya mahindi mengi kupita, na unga wa mwanzo autoe kando.

Uji wa mchanganyiko huja baada ya hapo. Unga wa uji unaouzwa madukani kwa ajili ya watoto na wagonjwa huchanganywa mtama, soya na mahindi, na baadhi ya wachanganyaji huongeza ngano. Mgonjwa aliyekonda hupewa uji huo kwa mapenzi mema ili apate nguvu, nao ndio unaomdhoofisha. Maneno yaliyoandikwa kwenye mfuko yasomwe yote, na neno la Kinyarwanda la kutafuta ni «ingano». Kwa Kifaransa ni «blé», na shayiri ni «orge».

Mafuta ya kukaangia nayo ni mtego. Karai lililokaangia sambusa na mandazi asubuhi ndilo litakalokaangia chipsi mchana. Viazi havina kosa, lakini mafuta yana chembe za unga, na moto hauiondoi gluteni kama unavyoua vijidudu. Sambaza za Ziwa Kivu mara nyingine hupakwa unga kabla ya kukaangwa. Mchuzi wa mgahawani huongezewa kijiko cha unga wa ngano ili uwe mzito. Vidonge vya kiungo vya mchuzi na mchuzi wa soya huweza kuwa na ngano ndani yake. Kikaangio cha chapati kikigeuziwa mayai, mayai nayo yameharibika. Bia nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, na si salama. Ikigage na pombe ya ndizi kwa asili yake hutegemea mtama na ndizi, lakini yafaa kumuuliza aliyetengeneza. Oti huvumiliwa na wagonjwa wengi ikiwa haijachanganyika na ngano, lakini ya kawaida ya dukani hupitia mashine zilezile; mwenye dalili zisizokoma heri aiache kwanza.

Msomaji atauliza: chembe hizo zina uzito gani? Kipande kimoja cha mkate huwa na takriban gramu 2 za gluteni au zaidi. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, yaani kama sehemu moja ya arobaini ya kipande hicho, zikiliwa kwa miezi mitatu zinatosha kuumiza utumbo. Viwango vya kimataifa vya chakula hukiita chakula kuwa hakina gluteni kikiwa na miligramu zisizozidi 20 katika kilo moja. Basi mtu anayejitetea kwamba hajagusa chapati mwaka mzima anasema kweli, na bado utumbo wake unaweza kuwa unaumizwa kila siku.

Hapa ndipo mtaalamu wa lishe anapohitajika kuliko dawa. Mgonjwa aandike kila alichokula na kunywa kwa wiki mbili, pamoja na mahali kilipopikwa na chombo kilichotumika, kisha wapitie orodha hiyo pamoja. Kipimo cha damu kiitwacho tTG-IgA husaidia pia. Kikiwa bado juu baada ya mwaka wa kuacha ngano, gluteni ingali inaingia mahali fulani. Kikiwa kimeshuka, hilo peke yake halithibitishi kwamba utumbo umepona.

Subira nayo ina nafasi yake. Watoto hupona upesi, watu wazima polepole. Katika kundi moja la watu wazima lililofuatiliwa Marekani, waliothibitika kwamba utumbo umepona baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 34, na baada ya miaka mitano asilimia 66. Dalili kwa kawaida hutangulia kupungua kabla ya ukuta wa utumbo kujengeka upya.

Je, ni siliaki kweli?

Swali hili linapaswa kuulizwa bila aibu, na mjini Kigali linapaswa kuulizwa mapema zaidi kuliko London. Sababu ni kwamba vinyweleo vya utumbo hulazwa na mambo mengi. Vimelea vya jiadia, vinavyotokana na maji machafu, huleta kuhara, gesi na kukonda kunakofanana mno na siliaki, na hutibiwa kwa dawa ya siku chache. Kifua kikuu huweza kushika utumbo. Virusi vya UKIMWI huuathiri. Upo ugonjwa wa utumbo wa nchi za joto unaotibiwa kwa antibiotiki na asidi ya foliki. Mtu aliyekulia mahali penye maji na choo kisicho salama huweza kuwa na vinyweleo vifupi bila ugonjwa wowote wenye jina. Hata dawa ya shinikizo la damu iitwayo olmesartani imo katika orodha: mwaka 2012 madaktari wa Mayo Clinic walieleza wagonjwa 22 waliokuwa na kuhara na utumbo uliokwanguliwa kama wa siliaki, wakapona walipobadilishiwa dawa. Anayeitumia asiiache kwa uamuzi wake, amwambie daktari.

Wengi hawakupimwa kabisa. Waliona kwamba mkate unawavimbisha tumbo, wakauacha, wakapata nafuu ya nusu, na jina la siliaki wakalipata kwa jamaa aliye ughaibuni. Hao wana ugumu wa pekee, kwa sababu vipimo huhitaji gluteni iwemo mwilini. Mtu aliyeacha ngano kwa muda mrefu damu yake huonyesha hana kitu, ingawa anacho. Akitaka kujua, daktari humwelekeza kula ngano tena kwa wiki kadhaa kisha ampime, au hupima zile jeni mbili, ambazo hazibadiliki kwa mlo: asiye na DQ2 wala DQ8 karibu hawezi kuwa na siliaki. Uthibitisho kwa mtu mzima hukamilika kwa kamera inayopitishwa kinywani hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na vinyama vidogo kuchukuliwa sehemu kadhaa. Hiyo ni kazi ya hospitali kubwa, wala si ya kituo cha afya. Mwenye kadi ya mutuelle aanzie kituoni na kuomba karatasi ya rufaa. Kuruka ngazi humwachia gharama yote mwenyewe.

Kuna pia mwenye siliaki ya kweli ambaye ugonjwa wa pili umejificha nyuma yake. Ulio wa kawaida ni kushindwa kusaga sukari ya maziwa, laktosi. Kimeng'enya kinachoisaga hukaa kwenye ncha za vinyweleo, na ncha ndizo zinazotangulia kuharibika. Mgonjwa ameacha andazi lakini anaendelea na chai ya maziwa vikombe vitatu kwa siku, na kuhara kunaendelea. Ajaribu kuyaacha maziwa mabichi na ya kuchemsha kwa wiki mbili au tatu. Ikivuguto, maziwa ya mgando, huwa na laktosi kidogo zaidi na huvumiliwa na wengi. Kisha kuna bakteria waliozidi katika utumbo mwembamba, kongosho isiyotoa vimeng'enya vya kutosha, uvimbe wa utumbo mpana usioonekana ila kwa hadubini, na utumbo unaosumbuka tu bila jeraha. Kila kimoja kina tiba yake, na hakuna hata kimoja kinachoponywa kwa kuzidisha ukali wa mlo. Nimeona watu wakipunguza chakula hatua kwa hatua hadi wanabaki na wali mtupu, wakiamini kwamba kosa ni lao. Hilo huongeza upungufu wa lishe juu ya ule uliokuwapo.

Siliaki sugu

Baada ya hayo yote kuondolewa, hubaki kundi dogo, takriban mgonjwa mmoja au wawili katika kila 100, ambao utumbo wao haujapona licha ya miezi 6 hadi 12 ya mlo mkali uliohakikiwa. Huu ndio ugonjwa sugu wenyewe, na huwapata zaidi watu waliopita umri wa miaka 50. Madaktari huugawa aina mbili kwa kuchunguza chembechembe za kinga zilizomo ndani ya ukuta wa utumbo.

Katika aina ya kwanza chembechembe hizo ni za kawaida. Wagonjwa hupewa dawa za steroidi, hasa budesonidi inayofanya kazi zaidi ndani ya utumbo kuliko mwilini kote, au dawa nyingine za kutuliza kinga. Zaidi ya asilimia 90 huwa hai baada ya miaka mitano. Katika aina ya pili chembechembe zimegeuka, na zinaweza kuzaa saratani ya limfu ya utumbo. Walio hai baada ya miaka mitano ni karibu nusu tu. Tiba yake ni ngumu na hutolewa katika vituo vichache duniani. Kukonda kwa kasi, homa, jasho la usiku, damu kwenye choo au maumivu makali ya tumbo yanayorudi ni dalili za kumpeleka mgonjwa hospitali bila kungoja. Kwetu dalili hizohizo huweza kuwa za kifua kikuu, na hiyo ni sababu nyingine ya kwenda haraka.

Steroidi hazipaswi kununuliwa dukani kwa kubahatisha. Huleta nafuu ya haraka kwa magonjwa mengi, huficha saratani, na huamsha kifua kikuu kilicholala.

Sinia moja

Sehemu ngumu ya ugonjwa huu haipo maabara. Katika familia za Waswahili wa Kimisagara, Biryogo na Nyamirambo, watu hula pamoja, na kukataa chakula cha mwenyeji ni kumkataa yeye. Futari ya Ramadhani huletwa na tende, sambusa na chapati kwenye sinia moja, na mkono uliomega chapati ndio unaochovya mchuzi. Shangazi husema, «Onja kidogo tu, mwanangu, kwa jina la Mungu.» Mgonjwa huonja kwa heshima, na kesho huugua. Akikataa huitwa mwenye maringo, au husemwa kwamba amejifunza Uzungu. Mwanamke aliyeolewa huweza kubeba zaidi, kwa maana yeye ndiye anayekanda unga wa nyumba nzima, na vumbi la ngano humwingia kinywani hata asipoonja.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi haya yanaelezeka kwa sentensi moja: «Ngano inaujeruhi utumbo wangu, hata ikiwa chembe.» Ikisemwa mapema kwa mwenyeji, kabla ya sinia kuwekwa, huudhi kidogo kuliko kukataa mbele ya watu. Sahani ya peke yake ipakuliwe kwanza, kabla ya miko kuchanganyika. Nyumbani itoshe sufuria moja, mwiko mmoja, ubao mmoja na chujio moja visivyoguswa na unga wa ngano. Mwiko wa mbao wa zamani ubadilishwe, kwa kuwa nyufa zake hushika unga. Sufuria ya chuma huoshwa kwa sabuni na maji ikatosha. Aliye na kuhara kusikotulia asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake na shekhe wake. Mgonjwa ana ruhusa inayojulikana.

Kwa Wakatoliki suala ni hostia, ambayo lazima iwe ya ngano. Waraka wa Vatikani wa mwaka 2017 ulikumbusha kwamba isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, ila yenye gluteni kidogo sana inakubaliwa. Asiyeweza hata hiyo huruhusiwa kukomunika kwa divai peke yake. Padri aambiwe faraghani, na kikombe kisiwe kile kilichotumbukizwa hostia.

Lugha nayo huchangia makosa. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini majibu ya maabara aghalabu huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Mgonjwa aombe nakala ya kila jibu, hasa maelezo ya kinyama cha utumbo, na aitunze. Daktari wa pili hawezi kuamua kama ugonjwa umekuwa sugu bila kuona utumbo ulivyokuwa mwanzoni.

Na wakati mmoja anapothibitishwa kuwa nao, wazazi, watoto na ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe, hata wasipoumwa, kwa kuwa uwezekano wao ni mara kadhaa kuliko wa watu wengine. Wapimwe wakiwa bado wanakula mandazi yao kama kawaida.